Safu ya Saa Moja na Nusu

Kila asubuhi, kabla kengele ya kwanza haijalia, msichana mmoja wa miaka kumi na mitatu alipita nyuma ya maabara ya shule, daftari kwapani na penseli nyuma ya sikio. Alifungua kijilango cha waya, akachuchumaa mbele ya kipimamvua, akamimina maji ya mvua ya jana kwenye chupa yenye mistari. Aliinamisha kichwa mpaka jicho likawa sawa na maji, ndipo akaandika. Kisha alifungua kisanduku cheupe cha mbao chenye kipimajoto ndani, akasoma, akaandika tena. Mwisho aliandika saa aliyosoma, kwa sababu mwalimu wa sayansi alikuwa amewaambia kwamba kipimo kisicho na saa ni kama barua isiyo na tarehe.

Wenzake walimwita Kipimo. Alipima kila kitu: upana wa madawati, uzito wa mkoba wake, hata muda ambao mdogo wake wa kike aliweza kukaa bila kusema neno. Mdogo huyo, aliyeanza shule mwaka huo, alikuwa msemaji kama chiriku, na Chiriku ndilo jina lililomganda. Muda mrefu kuliko wote aliowahi kunyamaza ulikuwa dakika nne, tena siku hiyo alikuwa na mkate mdomoni.

Katika daftari lile la hali ya hewa, safu ambayo Kipimo aliionea fahari zaidi haikuwa ya mvua wala ya joto. Ilikuwa safu ya saa. Saa moja na nusu, saa moja na nusu, saa moja na nusu, kutoka juu ya ukurasa hadi chini, miezi saba mfululizo, imenyooka kama timazi ya mwashi. Mwalimu wa sayansi alipolikagua kila Ijumaa, alipitisha kidole juu ya safu hiyo na kutikisa kichwa kwa kuridhika.

"Mwisho wa mwezi huu," aliwaambia darasa zima siku moja, "watakuja wataalamu kutoka kituo cha hali ya hewa. Watapitia madaftari ya shule zote za mji huu. Daftari litakaloaminika, namba zake zitaingizwa kwenye kumbukumbu za kituo na kutumika kutabiri mvua. Na sisi tunaye Kipimo."

Darasa lilimpigia makofi. Kipimo aliinama kufunga kamba za viatu ambazo tayari zilikuwa zimefungwa. Alikuwa na sababu ya kuficha uso wake. Safu ile haikuwa ya kweli yote.

Mama yake Kipimo alikuwa fundi wa kuchomelea vyuma. Mtaani walimwita Mama Cheche. Karakana yake ilikuwa chumba kimoja kirefu chenye mlango wa bati, ukutani zimetundikwa koleo na misumeno, na katikati palikaa mashine ya kuchomelea ambayo aliifuta vumbi kila jioni kama mtu anayemnawisha mtoto uso. Mageti ya nusu ya nyumba za mtaa ule yalitoka mikononi mwake. Baba yao alikuwa dereva wa lori la masafa marefu. Alikaa nyumbani siku tatu, akaondoka wiki mbili.

Lakini mwaka huo kulikuwa na asubuhi ambazo Mama Cheche hakuweza kuinuka. Alilala amejikunja, uso umesawijika, midomo imekuwa myeupe. "Ni mambo ya kike, mwanangu," alisema. "Yatapita. Mwandae mdogo wako, na huko shuleni usiseme kitu. Ya nyumbani yabaki nyumbani." Basi Kipimo alichemsha maji, akamwogesha Chiriku, akamvisha, akamtafutia soksi ya pili iliyopotea, akafua mashuka yaliyokuwa yamelowekwa, na kufika shuleni karibu saa mbili. Bawabu aliandika jina lake kwenye daftari la wachelewaji. Yeye alikimbia hadi nyuma ya maabara, akasoma vipimo, na alipofika kwenye safu ya saa, aliitazama ilivyonyooka. Akaandika saa moja na nusu.

Mara ya kwanza alisita kabla ya kuandika. Mara ya tano hakusita tena.

Kilichobadilisha mambo ni ngazi. Jumamosi moja Mama Cheche alikuwa karakanani akichomelea kona ya juu ya fremu, kizunguzungu kikampanda, akateleza kutoka hatua ya tatu na kujikata mkono kwenye ukingo wa bati. Kipimo alimfunga kitambaa, akamwachia jirani mdogo wake, wakaenda zahanati.

Daktari aliyewapokea alikuwa mwanamke mfupi mwenye sauti ya polepole. Aliosha jeraha, akalishona. Alipomaliza hakumruhusu aondoke. Alimvuta kope la chini, akatazama ndani, akatazama na kucha.

"Damu yako ni chache, dada," alisema. "Na haikuisha kwa kidonda hiki. Hedhi yako ikoje?"

Mama Cheche alimtupia Kipimo jicho, kisha akatazama ukutani. "Kawaida tu."

Daktari alitoa karatasi kwenye droo. "Hii ni karatasi ya maswali tunayoijaribu hapa. Inatusaidia kutambua mapema mwanamke aliye katika hatari ya kutokwa damu isivyo kawaida, hasa pale ambapo mayai yake hayapevuki na kutoka inavyotakiwa. Naomba ukweli, maana karatasi haina macho. Inajua kile inachoambiwa tu. Una miaka mingapi?"

"Arobaini na mmoja."

"Hedhi huja kila baada ya siku ngapi?"

"Kila mwezi."

"Hudumu siku ngapi?"

"Nne. Tano zikizidi."

"Miezi sita iliyopita, kuna mwezi uliopita bila kuiona?"

"Hapana."

Kipimo alikuwa amekaa kwenye kiti cha pembeni. Alikumbuka mashuka, na siku zilizofuatana mpaka zikavuka wiki. Alifungua mdomo, akakutana na macho ya mama yake, akaufunga.

Daktari alijumlisha alama. "Tatu kati ya kumi na mbili. Hatari ni ndogo." Alisema hivyo, lakini aliendelea kuishika karatasi kwa muda kama mtu aliyepewa chenji isiyolingana. Mwishoni aliandika vidonge vya kuongeza damu. "Kazi yako ni ya kupanda juu?"

"Wiki ijayo naanza paa la soko jipya," Mama Cheche alisema, na kwa mara ya kwanza siku hiyo mgongo wake ulinyooka. "Kenchi za chuma za kubeba mabati, arobaini na nane. Nimeipata mimi."

Walirudi nyumbani kwa miguu. Kila mmoja alijua mwenzake anajua.

Jumatatu, Kipimo aliwahi. Alisoma mvua, akasoma joto. Alipoandika saa moja na nusu, na safari hii ilikuwa kweli, namba hiyo ilimtazama kama namba nyingine zote. Hapo ndipo alipoelewa jambo lililomfanya akae chini kwenye nyasi zenye umande. Mtu akilifungua daftari hili hawezi kujua saa moja na nusu ipi ni ya kweli. Zote zina mwandiko mmoja. Na ile karatasi ya daktari nayo ilikuwa na alama tatu zilizoandikwa vizuri, kwa wino mzuri, nazo zilikuwa za uongo. Mama yake angepanda kwenye paa la soko akiwa ameegemea alama hizo.

Kama angekuwa ameandika saa za kweli, daftari lake lingeonyesha siku zote ambazo mama hakuinuka. Alizifuta yeye mwenyewe.

Kisha akamkumbuka bawabu.

Bawabu wa shule alikuwa mwanajeshi mstaafu, mwenye masharubu yaliyopunguzwa kwa rula. Kwake mtoto wa mwalimu mkuu na mtoto wa mfagizi waliandikwa kwa wino mmoja. Mapumziko ya asubuhi Kipimo alimkuta kibandani akinoa penseli.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba. Leo umewahi. Unatafuta nini langoni kwangu?"

"Naomba kuona daftari la wachelewaji."

Mzee aliweka penseli chini. "Nimekaa lango hili miaka tisa. Wanafunzi huniomba nilifunge. Wewe ni wa kwanza kuniomba nilifungue."

Hata hivyo alilifungua. Kurasa zilikuwa safi: tarehe, jina, dakika. Kipimo alipitisha kidole taratibu na kunakili kila mahali alipojikuta. Alipomaliza alihesabu. Siku kumi na tisa. Lakini hazikutawanyika ovyo. Zilikuwa makundi matatu. Kundi la kwanza siku nne. Kisha wiki tano za kimya. Kundi la pili siku sita. Kisha wiki nane za kimya. Kundi la tatu siku tisa. Na tangu kundi hilo liishe, leo ilikuwa wiki ya tisa.

"Umepata ulichokitaka?" bawabu aliuliza.

"Nimepata, Mzee. Asante kwa kuandika."

Mzee alipiga masharubu yake kidole. "Si wengi wanaonishukuru kwa hilo."

Kabla ya kwenda nyumbani Kipimo alikuwa na mlango mwingine wa kubisha, na huo ulikuwa mzito zaidi. Mwalimu wa sayansi alikuwa maabarani akipanga chupa. Kipimo aliweka daftari la hali ya hewa mezani, akalifungua.

"Mwalimu, safu hii si ya kweli."

Mwalimu alivua miwani. Hakupaza sauti, na hilo lilimuuma Kipimo kuliko kama angegomba. "Siku ngapi?"

"Kumi na tisa. Nilisoma saa mbili, nikaandika saa moja na nusu."

"Kwa nini?"

"Mwanzoni niliona aibu kuandika nimechelewa. Halafu nikaona safu imekuwa nzuri, nikawa naitunza."

"Wageni wanakuja wiki ijayo. Usingesema, nani angejua?"

"Hakuna, Mwalimu. Lakini kuna mtu anazihitaji zile saa za kweli."

Mwalimu hakumchimba zaidi. Alifungua droo, akatoa penseli nyekundu. "Piga mstari mmoja juu ya kila saa ya uongo, uandike ya kweli pembeni. Usifute. Kosa lisomeke. Mvua haitajali sana nusu saa, lakini joto litajali, kwa sababu jua la nusu saa si haba. Joto la siku hizo kumi na tisa hatulitumii tena." Akaongeza, akiwa amemgeuzia mgongo, "Nimekasirika, na nitakasirika mpaka kesho. Lakini umekuja kwa miguu yako mwenyewe. Hilo nalo nitalikumbuka."

Kipimo alipiga mistari kumi na tisa. Safu iliyonyooka kama timazi ilionekana kama ukuta uliopigwa risasi.

Jioni alimkuta mama yake karakanani, kinyago cha kuchomelea kimepandishwa utosini, mkono wenye bandeji umewekwa juu ya meza. Kipimo alimpa karatasi aliyonakili.

"Nini hiki?"

"Siku nilizochelewa shule, mama. Nimezitoa kwa bawabu, maana kwenye daftari langu la hali ya hewa niliandika saa za uongo."

Mama Cheche alisoma. Uso wake ulibadilika polepole, kama chuma kinapoanza kupata moto. "Umeyapeleka mambo yangu langoni?"

"Hapana. Sikumtaja mtu. Niliomba kuona kuchelewa kwangu tu."

Nje mtu alipita na baiskeli iliyolia mnyororo.

"Nilimwambia daktari siku nne," mama alisema hatimaye.

"Nilisikia."

"Angenikataza kupanda, mwanangu. Unajua nimeitafuta kazi kama ile miaka kumi? Mageti, madirisha, mageti, madirisha. Siku nimepata paa, niseme siwezi kupanda? Watasema, si tuliwaambia, mwanamke atapanda wapi."

"Na ukianguka watasema nini?"

Mama Cheche alivuta boksi la vijiti vya kuchomelea, akalikalia. "Umejifunzia wapi kumfunga mtu mdomo hivi?"

"Kwako."

Mama alitaka kucheka, akaishia kuvuta pumzi. "Na wewe saa za uongo uliziandika kwa nini?"

"Ili safu ipendeze."

"Basi tumefanana kama shilingi kwa ya pili." Alikunja ile karatasi kwa uangalifu, akaitia kwenye mfuko wa ovaroli yake, ule wa kifuani wenye kifungo. "Kesho sifungui karakana. Utanisindikiza."

Daktari alipoona tarehe zile hakumlaumu mtu. Alizitandaza mezani, akachukua karatasi mpya ya maswali, akaanza upya. Safari hii Mama Cheche alijibu bila kuangalia ukuta. Ndiyo, uchovu ulikuwa wa kupitiliza. Ndiyo, uzito ulimwongezeka bila kula zaidi, na alisikia baridi wenzake wakisikia joto. Ndiyo, dada yake mkubwa aliwahi kuugua tezi ya shingo. Alama zilipojumlishwa, zilikuwa tisa.

"Nikueleze, au mtoto atoke kwanza?" daktari aliuliza.

"Abaki," alisema Mama Cheche. "Naye ni mwanamke wa kesho. Afadhali asikie kwako kuliko asikie vichochoroni."

"Vizuri." Daktari alichora duara kwenye karatasi. "Huu ni mfuko wa uzazi. Kila mwezi ndani yake hujengeka utando. Wakati huohuo, yai moja hupevuka na kutoka mahali lilipokuwa likikulia. Likishatoka, mwili hutengeneza homoni inayouamuru utando utulie, usizidi kukua. Kama mimba haikutunga, utando hutoka kwa mpangilio kwa siku chache. Hiyo ndiyo hedhi. Lakini yai lisipotoka, ile amri haitolewi. Utando huendelea kujijenga wiki baada ya wiki, na siku ukishindwa kujishikilia hubomoka ovyo. Damu inakuwa nyingi, na siku zinakuwa nyingi."

"Ndiyo maana kimya kirefu kilifuatwa na siku nyingi," alisema Kipimo.

"Ndiyo maana. Wiki tano, siku sita. Wiki nane, siku tisa. Sasa uko wiki ya tisa, dada. Karatasi hii si ramli. Haisemi lazima itokee, inasema yaelekea itatokea, na itakuwa nzito. Wewe ulikuwa uwe wapi wakati huo?"

Mama Cheche alijibu kwa sauti ndogo. "Juu ya paa la soko."

Alipimwa damu, akapimwa ujauzito, na mfuko wa uzazi ukaangaliwa kwa mashine yenye kioo. Daktari alimpa masharti: asipande mahali popote kwa wiki sita, na damu ikianza kujaza pedi ndani ya saa moja au mbili, aje zahanati moja kwa moja, asingoje kesho. Kisha akamgeukia Kipimo. "Na wewe, miaka ya mwanzo ya hedhi mara nyingi huenda mrama kwa sababu hiihii, mayai hayajazoea ratiba. Wengi hutulia wenyewe. Lakini ikizidi siku saba, au ukaanza kuona kizunguzungu, mwambie mama. Si aibu. Weka tarehe. Nasikia wewe tarehe unaziweza."

"Nimeanza kuziweza, Daktari," alisema Kipimo.

Siku iliyofuata Mama Cheche alikwenda kwa msimamizi wa ujenzi wa soko, mwanamume mwenye kofia ya njano na simu mbili zisizonyamaza. Alimweleza kwa ufupi kwamba anatibiwa, na kwamba ataunganisha kenchi zote arobaini na nane chini, kisha apande baada ya wiki sita.

"Kazi ya chini ni wiki nne," msimamizi alisema. "Hizo mbili nitazitafuta wapi?"

"Zitafute kwa mwashi wako. Ukuta wa mashariki unanifika kiunoni. Hata nikipanda leo, kenchi nitazilaza juu ya nini?"

Msimamizi aligeuka, akautazama ukuta wa mashariki, akamtazama mwashi aliyekuwa akinywa chai kivulini. Akazima simu moja. "Wiki sita," alisema.

Siku ya nane tangu aanze kuunganisha kenchi, saa nne asubuhi, damu ilianza. Ilianza kwa nguvu kama daktari alivyohofia. Lakini Mama Cheche hakuwa mita nane juu ya zege. Alikuwa ardhini, amepiga magoti kando ya kenchi ya kumi na mbili. Alizima mashine, akavua kinyago, akamwita fundi mwenzake ampeleke zahanati. Kwa kuwa alifika mapema, vidonge vya homoni viliituliza damu kwa siku mbili, na hakuhitaji kuongezewa damu ya mtu mwingine. Majibu ya vipimo nayo yalikuwa yamerudi. Tezi yake ya shingoni ilikuwa imelegea katika kazi yake, na ulegevu huo ndio uliokuwa ukiyavuruga mayai. Dawa yake ilikuwepo, kidonge kidogo kila asubuhi.

Kipimo aliingia wodini na kumkuta mama ameketi kitandani, akichora kenchi nyuma ya karatasi ya dawa. Chiriku alipanda kitandani akaanza kusimulia habari za wiki nzima, na kwa mara ya kwanza hakuna aliyempima muda.

Wataalamu wa hali ya hewa walikuja Alhamisi. Walikuwa wawili, mama mmoja mtu mzima na kijana mwenye kompyuta. Mama yule alifungua daftari, akafika kwenye mistari myekundu, akasimama.

"Nani alipiga mistari hii?"

"Mimi," alisema Kipimo. "Niliandika saa za uongo siku hizo. Nilizisahihisha kutoka kwenye daftari la bawabu."

Yule mama alisoma pembeni, tarehe kwa tarehe. Mwisho wa siku daftari la shule nyingine lilichaguliwa kuwa la kwanza, na Kipimo alilisikia tangazo hilo kama mtu anayeng'olewa jino: lilimuuma, halafu likamwachia nafasi. Lakini mtaalamu aliomba safu yote ya mvua ya miezi saba, bila kuacha siku hata moja. "Vipimo vya mvua tunavichukua," alimwambia mwalimu. "Huyu ameshatuonyesha mahali asipoaminika. Kwa hiyo mahali pengine pote namwamini." Mwalimu wa sayansi alivaa miwani yake na kuivua mara mbili.

Wiki sita zilipotimia, daktari alipima damu, akatia sahihi. Jumamosi hiyo Kipimo na Chiriku walikwenda sokoni. Jukwaa la mabomba lilikuwa limezunguka kuta, na kuta zote nne zilikuwa zimefika juu. Mama Cheche alipanda hatua kwa hatua, mkanda wa usalama kiunoni, kinyago mgongoni. Hakushika mara mbili mahali pa kushika mara moja. Winchi ikainua kenchi ya kwanza, mafundi wakaiongoza kwa kamba, ikatua kwenye nguzo zake. Kinyago kikashuka. Cheche zikamwagika kutoka juu, na Chiriku akanyamaza. Kipimo hakuhesabu, lakini zilikuwa dakika nyingi.

Saa za mapumziko mama aliteremka, uso una masizi na meno yanacheka. Alikaa kwenye tofali katikati ya binti zake, akanywa maji, akatazama juu.

"Kila ninapochomelea kiungo," alisema, "nakumbuka kwamba kuna mtu atasimama chini yake. Atakuwa anauza nyanya, hanijui, simjui. Ameuamini mkono wangu. Kiungo kibovu unaweza kukipaka rangi kikapendeza, na siku unayokipaka hakuna atakayeona tofauti. Ubaya wake hutoka siku mtu anapokiegemea. Namba nayo ni hivyohivyo, mwanangu. Mimi nilimpa daktari namba iliyopakwa rangi, na ningeuegemea uongo wangu mwenyewe. Ukiandika namba, andika kama mtu atakayesimama juu yake. Na mwili ukikuambia jambo, liseme, wala usingoje uulizwe mara ya pili."

Kipimo aliitikia kwa kichwa.

Msimamizi mwenye kofia ya njano alipita, akasimama mbele yao. "Fundi, kenchi nne kabla ya saa sita," alisema. "Sikutegemea. Hivi ni nani aliyekuwa amekukataza kupanda, na nani amekuruhusu? Nataka nimshukuru huyo wa pili."

Mama Cheche aliweka mkono wake wenye masizi juu ya bega la Kipimo, na alama za vidole vitano zikabaki kwenye shati jeupe.

"Aliyenishusha na aliyenipandisha," alisema, "ni huyu mmoja."